Kipimo cha Sita

Kampala
Alhamisi, 6 Februari 2025

Dada Cissy,

Mwili umefika salama, akili imebaki Juba, huko Jebel mlangoni kwako. Nikikupigia simu hutanisikia, tangu lile kombora la mwaka 2016 liondoke na sikio lako moja na kulidhoofisha jingine, na haya si mambo ya kuandika kwenye meseji. Nuwa, yule kondakta wa basi la Juba, anaondoka leo jioni. Nimempa bahasha hii mkononi, nikamwambia akupe wewe, si msichana wa kufagia nywele.

Juzi uliponiona nikishuka kwenye gari la kazi na kofia ya plastiki kichwani, ulicheka ukauliza kama nimekuja kunyolewa. Mimi sikuweza kucheka. Bosi wangu Isaac alikuwa amenipa karatasi yenye namba ya kiwanja tu: kituo cha mafuta cha zamani, Jebel, mwenyewe Mzee Yangi anataka kuuza, na mnunuzi anataka ardhi ipimwe kwanza. Nimepima viwanja vinne vya namna hiyo tangu mwaka uanze. Gari lilipokata kona yako nilidhani dereva ananipa nafasi ya kukusalimia. Likasimama mbele ya bango la saluni yako. Nilijifanya sikujui sana kwa sababu ya watu wa kazini, naomba unisamehe.

Nadhani hujui unakaa juu ya nini. Chini yako kuna matangi mawili ya chuma, yamefukiwa tangu wakati wa vita, hakuna aliyeyatoa. Chuma kikioza mafuta yanaingia udongoni, na mvuke wake unapanda polepole ukitafuta pa kutokea. Huo ndio tuliokuja kuupima. Ule mrija uliouita mkuki wa Wakaramojong tuliuzamisha kwa nyundo mpaka kina cha kifua cha mtu, tukaziba shingo yake kwa udongo wa mfinyanzi ili hewa ya juu isiingie, halafu pampu ikavuta hewa ya ardhini mpaka kwenye kipimo. Sehemu tano za uani, kipimo hakikufika hata kumi. Nikashusha pumzi. Ndipo nikatoboa ile ya sita, kwenye kizingiti cha chumba chako cha nyuma, ukanizuia nisivuke pazia. Ndani nilisikia wanawake wanacheka. Kipimo kikaruka mia mbili, mia tano, mia nane, nikadhani kimeharibika.

Nikakutazama. Ukasema, "Ni asetoni hiyo, tunafuta kucha humo tangu asubuhi."

Kipimo kile hakijui kutofautisha. Kikinusa mvuke wowote kinapiga kelele. Kwa taratibu za kazi ningekuambia utoe dawa zako zote nje, ufungue madirisha, nami nirudi kesho yake kupima upya. Sikurudi. Nilijua sehemu ya sita ikihesabiwa saluni inafungwa siku hiyo hiyo, na wewe ndiye uliyesuka vichwa vya Busia nzima mpaka vidole vikavimba ili mimi nisome. Basi nikaandika kwamba sehemu ya sita imeharibiwa na dawa za saluni, isihesabiwe, na kwamba hakuna hatari kwa wakazi. Nikatia sahihi, Isaac akagonga muhuri bila kuuliza. Nakala yako iko humu ndani.

Chupa ya chuma niliyovutia hewa ya pale kizingitini bado iko maabara, na majibu yake yatakuja. Naamini yatasema ulilosema wewe. Lakini niambie nilale usingizi: ni asetoni kweli?

Msalimie mchumba wangu Teresina ukimwona. Nasikia mashangazi zake wamemfungia huko mtaa wa Hai Malakal na simu wamemnyang'anya, hatanisemesha mpaka tarehe 1 Machi kanisani. Watu gani hawa, jamani!

Mdogo wako,
Norman Okumu


Jebel, Juba
Jumatatu, 10 Februari 2025

Norman,

Matangi! Barua yako niliianza nimesimama, nikakaa, nikasimama tena. Miaka mitatu napika, nalala, nasali juu ya matangi ya petroli, na hakuna hata mtu mmoja wa mtaa huu aliyefungua mdomo! Siku ile nilishangaa tu kwa nini mdogo wangu ananipita kama hanijui, nikasema labda kazi ya kofia imempandisha kichwa. Kumbe ulikuwa na sababu.

Nilimfuata Mzee Yangi mpaka kwake na bahasha mkononi. Nilimkuta anakunywa chai.

"Mzee, mbona uliniambia hapa palikuwa duka la mbao?"

"Mbao pia ilikuwa hapa. Kidogo."

"Na petroli?"

"Cissy, hii maneno iko ya zamani. Petroli ilikwisha, watu yake ilikwisha. Wewe sasa iko na shida gani? Malesh, sahau tu. Kunywa chai."

Nilikunywa chai, ningefanya nini? Lakini sikuimaliza, niliinuka kwa hasira nikaimwaga kwenye gauni.

Nakala yako nimeibandika kwenye kioo kikubwa, mahali kila anayesukwa anaiona. Habari za matangi zimeshaenea, Jebel haina siri, na wateja wawili walitaka kuondoka na vichwa nusu. Nikawaonyesha muhuri. Nikawaambia, aliyepima ni mtoto niliyemlea mimi, na hajui kusema uongo hata akifundishwa. Wakakaa.

Umeuliza kama ni asetoni. Ni asetoni. Nimeshajibu, sasa lala. Chumba cha nyuma ni cha wanawake, na mwanamume anayekwenda kuoa haulizi mambo ya chumba cha wanawake. Ukiuliza tena nitakuchapa na hizo ndevu zako.

Teresina hajambo, na siku ya kanisa utamsahau jina kwa uzuri. Kichwa kinamuuma kidogo na chakula hakimpandi, lakini ni bibi harusi gani anayekula? Mashangazi wanasema ni dalili njema. Wewe shughulika na suti yako, uhakikishe suruali inafika kwenye viatu safari hii.

Dada yako,
Cissy


Kampala
Ijumaa, 14 Februari 2025

Dada,

Si asetoni.

Leo saa tatu Babirye, yule mama anayesimamia mashine za maabara, aliniita akaweka karatasi mbili mezani. Kila mvuke ukipita kwenye mashine yake huchora kilima mahali pake. Akanionyesha mahali pa asetoni kwenye chupa ya sita: mstari umelala kama meza. Halafu akanionyesha vilima vya petroli, vimejaa karatasi nzima, na kile cha benzeni kimetokea juu kabisa. Benzeni ndiyo mbaya kuliko zote, Dada. Inaingia mpaka kwenye mifupa, kule damu inakotengenezwa.

Akauliza, "Nani aliandika hii isihesabiwe?"

Nikasema ni mimi. Akavua miwani na kuifuta. Nilitamani anitukane.

Nilishindwa kuelewa kwa nini uani hakuna kitu na chumbani kumejaa, mpaka Babirye aliponieleza. Uani udongo unapumua, mvuke unatawanyika. Chini ya nyumba sakafu yako ya saruji imeufunika, umejikusanya kama mvuke chini ya kifuniko cha sufuria. Kama sakafu ni nzima, mna nafuu. Kama imetobolewa popote, hata tundu la kupitisha bomba, basi hapo ndipo mdomo wake na unamwagika wote ndani. Je, imetobolewa? Nijibu hilo kabla ya jambo jingine lolote.

Usiwashe jiko humo, wala ubani, wala njiti ya kiberiti. Watu wote watoke. Nimekutumia meseji tatu tangu asubuhi, simu inaonyesha zimefika, na wewe kimya. Dada, unaniogopesha.

Isaac yuko safarini Wau. Akirudi Jumatatu nitamweleza ukweli wote ana kwa ana. Najua saluni itafungwa. Nitakusaidia kutafuta mahali pengine, hata Gumbo, barabara ya Nimule ina wateja wengi. Lakini nijibu. Ni nani wanaokaa kwenye kile chumba?

Norman


Hospitalini, Juba
Jumatano, 19 Februari 2025

Norman,

Teresina yu hai. Hilo nimelitanguliza ili usisome mengine ukiwa umeshaanguka.

Nuwa ameniambia alikutumia meseji ya maneno matatu, ajali ya moto. Mimi nimekaa siku mbili na kalamu mkononi. Sasa nasema yote, nawe unihukumu.

Siku ile uliyopima hapakuwa na asetoni. Hapakuwa na kucha. Nyuma ya pazia alikuwapo Teresina na mashangazi zake, makaa yakiwa bado hayajawashwa.

Wale mashangazi walikimbia vita ya Khartoum mwaka 2023, na wakaja na desturi za huko. Bibi harusi anafichwa mwezi mzima, na kila siku anakalia moshi. Shimo linachimbwa sakafuni, linatiwa makaa ya mti wa talha, naye anakaa juu yake kwenye kigoda chenye tundu, amefunikwa blanketi la sufu mpaka shingoni. Moshi unampanda mwilini, ngozi inakuwa laini na inang'aa. Wenyewe wanauita dukhan. Huko Hai Malakal wamepanga chumba kimoja, hakuna pa kuchimba, wakaniomba mimi, nami nikafurahi kupita kiasi. Nilitaka iwe zawadi yangu kwako. Bwana harusi haambiwi, ndiyo mila yenyewe, na mchungaji wetu naye akisikia habari za moshi angenisimamisha mbele ya kanisa. Kwa hiyo nilificha huku na nikaficha huku. Mwisho wa Januari fundi alikuja akavunja saruji. Tulipomaliza kila siku tulitandika mkeka juu yake.

Meseji zako nilizisoma zote tatu. Barua Nuwa aliniletea Jumapili nikitoka kanisani. Nilipofika kwenye neno "imetobolewa" nikakaa chini barabarani na gauni langu la kanisa. Ningekimbia wakati ule ule kuwaambia. Lakini ningewaambia nini? Kwamba nimemdanganya ndugu yangu, na kwamba wifi yangu nimemkalisha juu ya petroli karibu wiki tatu? Nikajipa moyo: karibu siku ishirini tumewasha na hakuna kilichotokea, zimebaki chache. Nikaikunja barua yako nikaitia ndani ya Biblia. Ndani ya Biblia, Norman!

Jumatatu asubuhi Shangazi Keji akasema shimo limejaa majivu, lichimbwe zaidi. Nilikuwa nimesimama pale pale. Nikasema, "Leo tupumzike."

Keji akasema, "Le? Kwa nini? Bibi harusi yetu hapana pumzika. Wewe Cissy iko na wivu?"

Nikanyamaza. Wivu! Nilinyamaza kwa sababu ya neno hilo moja. Wakachimba kiasi cha mkono, udongo ukatoka mweusi na unanata, wakashangaa kidogo, wakaendelea. Teresina akakaa. Keji akatia makaa. Haukuwa moto wa kuni ule. Ulipanda wa bluu mara moja, na sauti kama ya mtu aliyepuliza kwa nguvu, ukaingia chini ya blanketi.

Nilimvuta mimi, nikamzungushia taulo zote za maji zilizokuwapo. Ameungua miguu yote miwili mpaka mapajani, na mkono wa kushoto. Muuguzi Josline anasema uso umenusurika na macho yamenusurika. Kuhusu miguu anasema tungoje.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Nilikufundisha mwenyewe methali hiyo ukiwa na kaptula. Polisi wamefunga saluni, na sitaki kuiona tena maisha yangu yote. Njoo unitukane uso kwa uso, maana huku kila mtu ananionea huruma kwa sababu ya vidole vyangu vilivyoungua, na sistahili.

Cissy


Nje ya geti la hospitali, Juba
Ijumaa, 21 Februari 2025

Teresina wangu,

Niko hapa nje tangu asubuhi. Shangazi Keji amekaa kwenye benchi la mlangoni, na kila nikisogea anasimama. Nilimwamkia, akawaambia walinzi, "Yau de. Huyu ndiye alipima." Josline amekubali kukuletea karatasi hii akibadilishana zamu.

Kutoka kwenye basi nilikwenda kwanza Jebel, askari akaniruhusu kuingia kidogo. Toka pale nilipotoboa kizingiti mpaka kwenye shimo ni hatua tatu. Nilizipiga, nikarudi, nikazipiga tena, askari akafikiri nimerukwa na akili. Ningevuta pazia ningeliona lile blanketi. Nimeona kigoda, nimeona kipande cha sufu kimegandamana na saruji. Nilitaka kulia, machozi hayakuja. Mpaka sasa hayajaja.

Isaac nimemwambia yote. Ripoti imefutwa, Mzee Yangi na mnunuzi wamearifiwa, na familia za pande tatu zimehamishwa mpaka papimwe upya na mtu mwingine. Mimi nimeachishwa kazi, ni haki yao. Sikuambii hilo ili unihurumie.

Na Cissy nimemwona. Nilikuja na matusi niliyoyapanga kutoka Gulu mpaka Nimule. Nilipoona mikono yake nikashindwa, lakini sijaweza kumwita dada tena. Alijua, akaikunja barua yangu. Sijui nitamsameheje.

Nakuomba jambo moja tu, uamini kwamba sikujua. Walisema uko Hai Malakal. Aliniambia ni asetoni, nami nilitaka iwe asetoni. Laiti ningejua ni wewe uliyeko nyuma ya lile pazia, nisingeandika vile hata kwa kuwekewa kisu shingoni. Ningevunja ukuta nikakutoa kwa mikono yangu.

Harusi tutaisogeza. Nitangoja mwezi, nitangoja mwaka, hata ukitembea kwa magongo nitakushika mkono mpaka madhabahuni. Niandikie neno, hata moja.

Wako,
Norman


Wodi ya wanawake, Juba
Jumamosi, 22 Februari 2025

Norman,

Mkono wa kulia ni mzima, kwa hiyo naandika mwenyewe. Josline amenishikia sinia chini ya karatasi. Miguu sijaiona. Wakibadilisha bandeji nageukia ukutani.

Nilikuwapo siku uliyokuja kupima. Ulikuwa unamwambia mwenzako aongeze udongo wa mfinyanzi, aunyooshe mrija vizuri, usikae upande. Mashangazi walicheka kwa sababu niliruka kusikia sauti yako. Mimi niliziba mdomo kwa blanketi. Nilifurahi sana siku ile. Nilisema moyoni, mtu wangu anafanya kazi bila haraka. Halafu nikasikia kipimo kinapiga kelele, na Dada Cissy anasema asetoni. Humo ndani hapakuwa na hata chupa moja ya asetoni. Nilingoja uulize mara ya pili. Ningeweza kusema mwenyewe, lakini bibi harusi hatoi sauti, nikafuata mila. Hilo ni kosa langu na nalibeba mimi.

Siku chache baadaye harufu ikaanza. Kambini Kakuma tulilala karibu na jenereta miaka minne, harufu ya mafuta naijua kuliko ninavyoijua ya ubani. Kichwa kilikuwa kinapasuka. Nikanyanyuka kwenye kigoda nikasema, "Sikai tena hapa, panatoka petroli." Mashangazi walinitazama kama niliyewatukana. Dada Cissy hakunigombeza. Alitoka, akabandua karatasi kwenye kioo, akaniletea nisome mwenyewe. Nikasoma kwamba hakuna hatari kwa wakazi, na chini kuna jina lako. Nilipitisha kidole juu ya sahihi, maana wiki mbili nilikuwa sijaona mwandiko wako. Nikakaa.

Kwa hiyo usimwachie Dada Cissy mzigo wote. Amekuja hapa kila siku, mashangazi wanamfukuza, anakaa chini koridoni. Jana nilimwita ndani. Alinipa barua zako mbili alizokuwa nazo, akasema nina haki ya kuzisoma. Nimezisoma.

Pete waliikata kwa koleo siku ya kwanza, kwa sababu kidole kilikuwa kinavimba. Vipande viko kwenye bahasha kwa Josline. Ukivitaka mwambie, usipovitaka viache huko. Habari ya harusi usiniulize sasa, wala usikae getini. Nenda Jebel ukawaonyeshe wanaopima ni wapi fundi alivunja sakafu, kwa sababu Dada Cissy hawezi kurudi mle na mashangazi hawataki kusema.

Umeandika laiti ungejua ni mimi niliyeko nyuma ya pazia. Nakuamini. Lakini katika barua yako ya kwanza umeandika kwamba uliwasikia wanawake wanacheka. Hukujua ni mimi, Norman. Ulijua kuna watu.

Teresina